Binti wa Kazi Uliyemtunga

Baba Neema,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, niliiona ikifukiwa. Ya kwangu utaisoma humu, na kama huko uliko kuna kiti, kaa kabisa, maana nimekasirika na sitaandika kwa upole.

Rozi amekuja.

Ndiyo, Rozi. Binti wa kazi uliyemtunga kwa kinywa chako mwenyewe, asiyewahi kuwa na mama wala baba wala kijiji, ameteremka Tunduma kwa basi kutoka Mkwajuni akiwa na mtoto wa kiume mgongoni, na ndugu zako wamempokea kwa soda. Kaka yako Lazaro alimpa kiti chenye mto. Mimi, mke wa ndoa ya kanisani, nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka nikiangalia.

Nataka nikueleze taratibu, usije ukasema hukuelewa. Ulikuwa na tabia hiyo ya kutoelewa yasiyokupendeza.

Siku tuliyokuzika watu walijaa. Mawakala wenzako wa forodha walikuja na tai zao, madereva wakaegesha malori hadi barabara ikaziba, na wateja wangu wa Nakonde wakavuka mpaka kuja kunishika mikono, "pole, mayo, pole," yaani mama kwa lugha yao. Nililia mpaka koo likakauka, sikatai. Presha ilikuchukua ghafla mno, asubuhi unaniaga, mchana naitwa. Lakini jeneza halijatoka hata ndani, nikamsikia wifi Eda, mdogo wako, akimnong'oneza mwenzake: "Na Rozi yuko wapi? Hata kumzika bosi wake ameshindwa?" Machozi yakakatika hapo hapo. Nikajisemea, jamani, huyu mtu amekufa na uongo wake ameniachia mimi niulee.

Na uongo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, ndicho kinachoniudhi. Wanaume wengine hudanganya kuhusu wanawake, kuhusu pombe. Wewe ulidanganya kuhusu sufuria.

Mimi nilikuwa natoka alfajiri na magunia yangu ya mchele kwenda kuyauza Nakonde. Ofisi yenu ilifunguliwa jua limeshapanda. Kwa hiyo asubuhi nyumba ilikuwa mikononi mwako, na sitakunyima haki yako: ulikuwa unaijua kazi. Ulikuwa unasugua sufuria kwa mchanga na jivu mpaka mtu anajitazamia uso. Ulikuwa unadeki mpaka chini ya kitanda, mahali ambapo hata mimi nilikuwa napaacha kwa Mungu. Sare za Neema ulizifua kola ikatoka nyeupe. Sikukulazimisha. Ulianza mwenyewe wakati nina mimba yake na miguu imevimba, na hukuacha.

Ila uliifanya kama mwizi. Mlango komeo, mapazia chini, na ile sinema yetu kwenye televisheni imefunguliwa sauti ya mwisho ili majirani wasisikie maji. Mtaa mzima ulidhani bwana wakala wa forodha anajipumzisha kabla ya kwenda kazini. Bwana wakala alikuwa amechuchumaa kwenye beseni na suruali ameikunja magotini!

Uliogopa neno moja tu, limbwata. Kwamba watasema nimekuwekea dawa kwenye mboga, nimekupumbaza, ndiyo maana unashika dekio. Nilikuambia mara ngapi kwamba anayetaka kusema aseme, chumvi yangu wanaijua, mboga yangu hailiki hata bila dawa? Ukacheka, ukashusha pazia.

Na umeme ukikatika, je? Unakumbuka? Umeme ukikatika sinema inazima, sinema ikizima huoshi. Nilikuwa narudi jioni nakuta sahani nusu zimeoshwa, nusu zina mapovu yamekaukia, na wewe unaniambia kwa uso mkavu, "Mama Neema, umeme haukuwepo." Mimi ni mwanamke pekee mkoa huu wote niliyeolewa na mwanaume anayetumia umeme kuosha vyombo kwa mikono.

Tuligombana sana kwa ajili ya kamba ya nguo. Ulikuwa unafua, unakamua, unazipanga kwenye ndoo, halafu unaziacha. Kuanika hukuanika hata siku moja, kwa kuwa kamba iko nje na nje kuna watu. Maji vilevile. Kwenye bomba kuna foleni ya wanawake, kwa hiyo bombani hukwenda. Narudi Nakonde mgongo unawaka, nakuta ndoo ya nguo mbichi inaningoja na mapipa matupu, na wewe umevaa shati safi unaniambia, "Nimekusaidia." Kusaidia! Nilikuambia siku moja kwamba kazi inayofanyika kwa siri si hata nusu ya kazi, ukanijibu, "Sasa unataka wanicheke?" Nikakwambia ndiyo, wakucheke, mbona mimi wananicheka nikibeba gunia na sijafa. Hatukusemeshana siku mbili. Uliosha vyombo kwa hasira, nikajua kwa namna vijiko vilivyokuwa vinalia.

Na ile sinema! Nayo nina neno nayo. Filamu ya Kinaijeria, sehemu ya kwanza na ya pili, tuliikodi mpaka mwenye duka akachoka akatuuzia zile CD zimekwaruzika. Binti wa kazi, jina lake Rozi, anateswa na mama mwenye nyumba anayebadilisha wigi kila anapotoka chumbani. Kivuli cha mpiga picha kinaonekana ukutani kabisa. Yule bwana anayetafsiri kwa Kiswahili anatoa sauti moja kwa watu wote, awe bibi, awe mtoto, awe mchungaji. Filamu ya hovyo. Na wewe ulikuwa unaipangia kazi: mama mwenye nyumba akimzaba kofi Rozi, masufuria yawe yamekwisha, harusi ikianza, uwe sebuleni na dekio. Hukuhitaji saa.

Halafu jioni, nikiwa nimechoka hata kula siwezi, unaiweka tena. Nanyoosha miguu kwenye mapaja yako. Tunajua kila neno, tunamtangulia mtafsiri. Na pale wanapomwita Rozi mezani kwa mara ya kwanza, wakamwekea sahani yake na yeye, unalia. Kila mara. Mwanaume mzima, anayebishana na maafisa na madereva wa nchi tatu, analilia sahani. Nilikuwa nakudharau, na nilikuwa sitaki iishe. Yote mawili yalikuwemo, siwezi kukudanganya sasa.

Basi siku wifi Eda alipokuja kutoka Mlowo bila taarifa, akagonga, ukafungua mlango na mapovu yamefika kwenye viwiko. Mwanaume mwenye akili angesema, naosha vyombo. Wewe ukasema, "Nilikuwa nanawa tu. Binti wa kazi ametoka kidogo, ameenda dukani." Eda akauliza anaitwa nani. Na kwa vile akili yako ilikuwa kwenye televisheni, ukasema Rozi.

Ungeishia hapo ningekusamehe. Hukuishia hapo. Ukamsifia! Rozi anaosha mpaka sufuria inang'aa, Rozi anakunja nguo kama za dukani, Rozi ana adabu. Mwanaume ulikuwa na njaa ya kusifiwa, ukaamua ujisifie kwa jina la mtu mwingine. Eda akarudi kijijini akalitangaza, na mara iliyofuata akaleta kitenge, zawadi ya Rozi kwa kumtunza kaka.

Kitenge kile nilikikuta mimi, umekificha kwenye begi la ofisini chini ya karatasi. Nilijua nimepatikana. Nilikaa kitandani nacho magotini, nikajisemea, kumbe na mimi ni wale wanawake ninaowasikia bombani. Ulipoingia nikakutupia usoni nikauliza ni cha nani. Ukakaa, ukaniambia yote huku unatazama sakafu uliyoideki mwenyewe. Baba Neema, ningekukuta na mwanamke ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningemfuata, ningerudi kwetu Ileje. Lakini mwanaume aliyezini na dekio, unamshitaki wapi?

Ukanishika mikono, ukaniomba niape kwamba sitasema kwa mtu. Nikaapa. Nikawa na mimi namtunza Rozi wako: Rozi yuko likizo, Rozi amefiwa, Rozi anaumwa jino. Kitenge nikakishona nikakivaa, na Eda aliponiona nacho akanuna, akadhani nimemnyang'anya msichana wa watu.

Sasa sikia kilichotokea.

Matanga yalipoondolewa, Lazaro akaita kikao cha ukoo hapa hapa nyumbani. Akasema marehemu alikuwa na binti ndani ya nyumba, alimpenda, alimsifia kwa kila mtu, na binti huyo ametoweka siku ya msiba, bila shaka kwa sababu ana mtoto wake na anamwogopa mke. Akasema damu yenu haiwezi kulala nje. Kwa hiyo vile vyumba viwili vya uani vitakuwa vya Rozi na mtoto wake, na amekwisha kutuma maneno kwa madereva na vijana wa bodaboda atafutwe popote alipo.

Vyumba vya uani. Wewe unajua vimetoka wapi. Magunia yangu na mshahara wako, tofali kwa tofali. Unajua pia kwamba wapangaji wa vile vyumba ndio karo ya Neema, sina kingine tangu ulipoondoka. Mimi nimetandika mkeka, namlilia mume, na wanaume wa kwenu Mbozi wanagawa karo ya mwanangu kwa mtu wa kwenye CD.

Na ukitangaza kwamba mjini kuna vyumba viwili vinamsubiri Rozi, Rozi hakosi. Nashangaa alikuja mmoja tu.

Kikao cha pili ndipo alipofika, na soda, na kiti chenye mto. Msichana mwembamba, viatu vimeliwa upande mmoja. Eda akamchukua mtoto, akamgeuza huku na huku, akasema, "Masikio haya ni ya kaka kabisa." Masikio! Mtoto alikuwa na masikio kama mtoto yeyote.

Nikasimama, nikavunja kiapo. Nikawaambia Rozi hakuwahi kuwepo. Aliyekuwa anaosha ni ndugu yenu. Aliyekuwa anadeki, anafua, anakunja, ni ndugu yenu, na sinema imefunguliwa sauti ili nyie msijue.

Lazaro akacheka, tumbo likacheza. "Shemeji, huzuni imekuzidi. Mdogo wangu yule? Avue tai akasugue sufuria?" Na mzee mmoja wa kwenu, simtaji, akanionya kwa kidole: "Mwanaume kuwa na binti pembeni ni jambo la kawaida, tunalisamehe. Lakini kumsingizia marehemu kwamba alikuwa anadeki nyumba, hilo ni tusi."

Umesikia? Hao ndio watu uliokuwa unawaogopa. Hao ndio uliowashushia pazia miaka yote. Kwao uzinzi ni heshima na beseni ni aibu. Niliwatazama mmoja mmoja, na kola zao zilizofuliwa na wake zao, nikaona sina hata wa kumtukana anayetosha.

Kisha Lazaro akaacha kucheka, akasema polepole, "Na kama ni kweli, shemeji, basi ulimlisha kitu. Na aliyemlisha mdogo wetu kitu hawezi kubaki kwenye nyumba ya ukoo." Rozi akiwepo, napoteza vyumba. Rozi asipokuwepo, mimi ni mchawi, napoteza nyumba nzima. Neema alikuwa mlangoni, amesikia.

Nikakumbuka kitu nilichokiona wakati wa matanga. Eda alikuwa anakunja mashuka ya wageni, na nilikuwa nimemtazama nikashangaa, ila msiba una mengi, nikaacha. Nikaingia chumbani nikatoa shati lako kabatini kama ulivyoliacha. Nikaliweka mezani walione: kifua chini, mikono yote miwili imepita nyuma imekumbatiana, halafu mkunjo mmoja mdogo kwenye kola ambao sijauona kwa mtu mwingine. Nikalikunjua. Nikampa yule msichana, "Rozi, kunja kama ulivyokuwa unakunja." Akalikunja kama mtu yeyote anavyokunja shati. Nikalikunjua tena nikampa Eda. Akaniuliza, "Mimi?" Nikamwambia wewe.

Mikono yake ikaenda yenyewe. Kifua chini, mikono nyuma, mkunjo mdogo kwenye kola.

Nikamuuliza, wifi, nani alikufundisha? Akalitazama lile shati, akaanza kulia, si ule wa msibani, kilio kingine. Akasema, "Kaka."

Na hapo ndipo nikajua jambo ambalo kwa ndoa yetu yote hukuniambia. Kwamba mama yenu aliugua kwa miaka Eda akiwa mchanga, na wewe ndiye uliyempikia mtoto uji, ukamfunga mgongoni kwa kanga, ukaenda naye mtoni kufua nepi zake. Kwamba vijana wa kijiji, wakati wa kuchuma kahawa, walikuwa wanakuita Dada. Na aliyeanzisha jina hilo ni Lazaro.

Lazaro akamwambia Eda anyamaze. Eda akasimama na shati mkononi: "Sinyamazi. Alikuwa anafua kabla hajamjua huyu mwanamke. Alinifulia mimi! Au na mimi nilimlisha limbwata, nikiwa na meno mawili?" Shangazi yenu mzee akapasuka kwa kicheko pale pembeni, na akisha kucheka yeye, kikao kimekufa. Wanaume wakaanza kutafuta kofia zao. Lazaro aliangalia viatu vyake mpaka akatoka.

Yule msichana akabaki. Jina lake ni Zawadi, baba wa mtoto aliingia kwenye machimbo ya dhahabu akatokea upande mwingine wa nchi. Akaniomba radhi, akasema shida. Nikampa chakula akala na mwanawe, nikampeleka stendi. Dharau yangu sina ya kumpa huyo, nimeigawa yote kwa wengine.

Vyumba vimebaki. Neema anasoma.

Ila siri yako haikubaki, mume wangu. Mji mzima unajua. Mpakani wenzako wamecheka wiki nzima, mmoja akasema ndiyo maana mikono yako ilikuwa laini. Mke wa huyo huyo akaja kwangu kwa kunong'ona kuniuliza ulikuwa unatoa vipi ukoko ulioungua. Nikauliza ni kwa ajili ya nani anataka kujua, akaona haya. Tangu siku hiyo, nikipita mtaani asubuhi, nasikia redio na sinema zinavyounguruma nyuma ya mapazia, na najiuliza ni mabwana wangapi humo wamekunja suruali magotini. Waoga wakubwa. Mji mzima wa waoga wenye mikono safi.

Jumapili tuliangalia sinema yako, mimi na Neema. Bado ni ya hovyo. Walipomwita Rozi mezani nikalia mimi, Neema akanitazama kama nilivyokuwa nakutazama wewe.

Unajua kilichoniuma ni nini? Si ndoo za nguo. Mgongo wangu umezoea. Kilichoniuma ni kwamba ulinipenda, na ulichagua watu wadhani una hawara kuliko wajue hivyo. Mtoto aliyeitwa Dada pale kwenye kahawa alikuwa bado anajificha ndani ya nyumba yangu, na hukuniita nikae naye. Ningekaa naye. Ningemtoa nje nimemshika mkono, na anayecheka angenicheka na mimi.

Sina zaidi. Eda anakusalimu, atakuja kukuona makaburini mvua zikipungua. Lala, Baba Neema, pumzika, huko hakuna wa kukuchungulia dirishani.

Nilikuapia kwamba sitasema, na nimesema, na sitakuomba radhi. Nakuapia jingine badala yake, na hili nitalitunza mpaka nikufuate: mtu yeyote atakayeniuliza Rozi alikuwa nani, awe wa mpakani, awe wa ukoo wako, awe mkwe wangu wa kesho, nitamjibu alikuwa mume wangu.

Mimi,
Mama Neema